Mashine Isiyo na Kibao cha Jina

Milango ya Bagamoyo tunaipenda. Tumeipiga picha, tumeihesabu, tumeiandikia tasnifu. Yupo mtu wa kukueleza tofauti ya mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ule wenye upinde, na yupo wa kukusomea maua na minyororo iliyochongwa kwenye fremu zake. Mwaka 2006 njia kuu ya kale ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo pwani iliishia hapa, iliingia kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tangu hapo kila ukuta wa mawe na matumbawe una mtetezi wake, na kila mlango uliooza una mtu wa kuusikitikia.

Sasa toka Mji Mkongwe, ufuate barabara ya kurudi Dar es Salaam kupitia Kerege, Mapinga na Bunju, nyumba mpya zinakoota kila mwaka. Kila baada ya hatua chache utakuta karakana ya useremala: mabati manne, rundo la vumbi la mbao, vitanda viwili vimeanikwa njiani kusubiri mteja. Katikati ya karakana ipo mashine. Upande mmoja ina msumeno wa duara, katikati ina randa, upande wa pili ina kichwa cha kushikia keekee ya kutobolea matundu. Mota ni moja na shafti ni moja. Imechomelewa kwa vyuma vya pembe na mabati mazito, imepakwa rangi iliyobaki kwenye geti la mtu, na haina jina la kiwanda, wala namba, wala mwaka. Milango yote ya nyumba mpya za ukanda huu, hata ile ya hoteli inayojifanya ya kale, imepita kwenye mashine ya namna hii kabla haijamfikia mchongaji. Lakini picha yake hatupigi.

Hoja yangu ni fupi. Mashine ile ni kazi ya ubunifu. Ina ukoo, ina vizazi, ina maamuzi ambayo mtu aliyafikiria akiwa na chaki na kipande cha chuma mkononi. Sisi tuliosoma tumekataa kuisoma. Kukataa huko kungekuwa dharau tu ningenyamaza, maana dharau tumeizoea. Kunagharimu vidole vya watu.

Ninasoma shahada ya umahiri katika masomo ya urithi. Nilipopeleka wazo la kufuatilia jinsi mashine hizi zilivyobadilika, nilijibiwa kwa upole kwamba pale hakuna muundo wa kufuatilia, kuna kunakili tu. Afadhali nichague milango. Jibu hilo nimelisikia baadaye kutoka kwa watu wengi, wahandisi na wasio wahandisi, na wote hulitamka kwa utulivu wa mtu anayetaja jambo lililokwisha kuthibitishwa. Basi tulipime.

Tuanze na hicho kinachosemekana kunakiliwa. Mashine moja ya kazi nyingi si wazo la kimaskini, wala halikuzaliwa uchochoroni. Uingereza ya wakati wa Malkia Victoria ilikuwa na mashine iliyouzwa kwa jina la General Joiner, yaani seremala wa kazi zote: ilipasua, iliranda, ilitoboa na kukata ndimi za kuungia mbao, yote kwenye fremu moja nzito ya chuma cha kusubu. Mnunuzi wake alikuwa mjenzi mwenye karakana ndogo asiyeweza kununua mashine tano wala kuzipatia nafasi.

Italia ilipokuwa inajijenga upya baada ya vita, kampuni ya SCM ya mji wa Rimini, iliyotokana na kiwanda cha kusubu chuma, ilitoa mwaka 1952 mashine yake ya kwanza ya useremala. Nayo ilikuwa ya kazi nyingi, na iliitwa L'Invincibile, isiyoshindika. Mnunuzi alikuwa yuleyule: fundi mdogo, kazi nyingi, fedha kidogo.

Marekani walikuwa na toleo lao. Hans Goldschmidt, Mjerumani aliyehamia huko, alibuni Shopsmith, iliyoingia sokoni mwaka 1947. Ukiiangalia ni mashine ya kukereza: mabomba mawili ya chuma yaliyolala sambamba, na kichwa chenye mota kinachoteleza juu yake. Mota hiyohiyo inazungusha msumeno, inazungusha sahani ya msasa, inatoboa kwa ulalo, na ukiisimamisha mashine nzima wima inakuwa ya kutobolea kwenda chini. Kazi tano kwa mota moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaja toleo la Mark 5, ambalo mtumiaji hubadili mwendo kwa kuzungusha kitufe, kuanzia takriban mizunguko 700 hadi 5,200 kwa dakika, bila kuugusa mkanda.

Nimelitaja badiliko hilo kwa sababu nitalirudia, na kwa sababu linaonyesha maana ya kusoma muundo. Huko Marekani wapo wastaafu wanaoweza kukuambia umri wa Shopsmith kwa kutazama namba yake, rangi yake, au umbo la kitasa kimoja. Hawaiiti nakala, ingawa karibu kila wazo lililomo lilikuwapo kabla yake. Wanauliza swali la maana zaidi: tatizo lilikuwa lipi, na badiliko hili lilitatua nini? Hilo ndilo swali ambalo hatujawahi kuiuliza mashine ya Mapinga.

Mimi niliiuliza, kwa futi kamba na daftari. Karakana ya kwanza ambako niliruhusiwa kukaa siku nzima ilikuwa ya mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka mlango au kitanda?"

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mashine.

"Mashine siuzi."

Ilichukua muda kueleweka kwamba sikutaka kuinunua, nilitaka kuipima. Alicheka, akaizima, akanisogezea kigoda. Yaliyofuata ndiyo masomo niliyoyakosa darasani.

Mashine za Ulaya zilizoingia nchini kwa miongo mingi kupitia misheni, viwanda vya mbao na karakana za serikali zilikuwa za chuma cha kusubu. Chuma hicho ni kizito na kinameza mtetemo. Meza yake ikishanyooshwa hukaa imenyooka. Kukisubu kunahitaji tanuri, kalibu, na mashine kubwa ya kukisawazisha. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani, Dar es Salaam, hana vitu hivyo. Ana vyuma vya pembe, mabati mazito, mashine ya kuchomelea, na jirani mwenye mashine ya kukereza vyuma. Kwa hiyo badiliko la kwanza ni la mwili: chuma cha kusubu kikawa fremu ya kuchomelea. Viwanda vingi vya Ulaya navyo viliifuata njia hiyo kwa sehemu ya mwili wa mashine zao, na huko iliitwa maendeleo.

Tatizo la fremu ya kuchomelea ni mtetemo. Ni nyepesi, inacheza, na meza iliyochomelewa hujikunja kidogo ikipoa. Jibu la Bagamoyo liko miguuni. Miguu ya mashine ya mzee yule imezikwa kwenye msingi wa zege. Uzito uliokosekana kwenye chuma umerudishwa kwa saruji na kokoto, ambazo zinapatikana kila mahali na hazisafirishwi kutoka Ulaya. Mashine haihamishiki tena, ni kweli. Lakini nayo haiibiki.

Badiliko la pili ni shafti. Kwenye mashine kubwa za Ulaya za kazi nyingi, msumeno una shafti yake na randa ina yake. Nyingine zina mota mbili au tatu. Hapa kila kitu kimewekwa kwenye shafti moja: kichwa cha visu vya randa katikati, msumeno ncha moja, keekee ncha nyingine. Unapunguza beringi, unapunguza mikanda, unapunguza mota, na bei inashuka hadi pale seremala wa Kerege anapoweza kuifikia kwa mchango wa kikoba. Hiyo ni faida. Na papo hapo linazaliwa tatizo ambalo kila aliyebuni mashine ya kazi nyingi, awe Rimini au Marekani, alilazimika kulitatua: kazi tatu zinataka mwendo tofauti, na shafti moja ina mwendo mmoja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mota ya mzee inazunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ni inchi 7, ya shafti ni inchi 3. Zidisha 1,440 kwa 7, gawa kwa 3: shafti inazunguka mara 3,360 kwa dakika. Kwa msumeno wa inchi 12, meno yanasafiri takriban mita 54 kwa sekunde, karibu kilomita 190 kwa saa. Huo ni mwendo mzuri wa kupasulia. Kwa randa ni mdogo. Kichwa chenye visu viwili kwa mwendo huo kinakata mara 6,720 kwa dakika. Mashine ya kiwandani yenye visu vitatu na mizunguko 5,000 inakata mara 15,000. Ukisukuma mbao kwa mwendo wa mita 6 kwa dakika, ya kiwandani inaacha alama kila baada ya milimita 0.4, ya mzee karibu kila milimita 0.9. Ndiyo ile mistari unayoihisi ukipitisha kiganja kwenye fremu ya mlango wako mpya, na unamlaumu fundi wa msasa. Kwa keekee mwendo uleule ni mkubwa kupita kiasi: toboa mkongo bila kupumzika na tundu litatoka moshi.

Kwa nini basi asiongeze puli, randa ikimbie zaidi? Nilimuuliza. Alinionyesha rundo la mbao ukutani. Mbao zile hazikutoka kiwandani. Zilipasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo, ncha moja nene, nyingine nyembamba, katikati zimepinda kama mgongo wa ngamia. "Kazi ya kwanza hapa ni kupasua," alisema. "Kuranda baadaye. Nikikimbiza shafti, msumeno unaimba, na msumeno ukianza kuimba mimi nakaa mbali nao." Ana haki. Kwa mizunguko 5,000 meno ya msumeno ule yangekaribia mita 80 kwa sekunde, juu ya fremu iliyochomelewa kwa mkono. Mashine yake imepangiwa mwendo wa msumeno, kwa sababu mbao zinazomfikia zinahitaji msumeno kwanza. Mark 5 ilitatua tatizo hili kwa kitufe cha kubadili mwendo. Mzee na aliyemtengenezea mashine walilitatua kwa kuchagua kazi ipi itangulie, kisha wakaifidia randa kwa mkono: mbao inasukumwa polepole, mara mbili ya muda. Unaweza kusema uamuzi huo una kasoro. Ila ni uamuzi, na una sababu zake zilizotoka kwenye mbao za hapa. Mtu anayenakili tu hana sababu.

Pwani hii ina desturi ndefu ya kifaa kimoja kufanya mengi. Wanaojenga majahazi ufukweni wanajua tezo moja inachonga, inasawazisha na kunyoosha. Neno kukereza lilikuwamo kwenye lugha yetu kabla ya mota, na miguu ya vitanda vya samadari ni ushahidi. Keekee ya upinde, inayozungushwa kwa kamba, ilitoboa mbao za majahazi karne nyingi kabla ya umeme. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa hapa mwaka 1868 ilifundisha useremala kwa watu waliokombolewa utumwani. Mji huu umekuwa ukipokea zana, kuzibadili na kuzifundisha kwa muda mrefu kuliko umri wa chuo chochote cha ufundi nchini. Ni ajabu kwamba tunaheshimu kila hatua ya historia hiyo isipokuwa hii ambayo bado inanguruma.

Sasa nifike kwenye vidole.

Sikuja kuisifia mashine hii. Ukiikagua kwa macho ya mtu anayejua ukoo wake, utaona kilichopotea njiani. Msumeno hauna kifuniko juu. Nyuma yake hakuna lile bapa la chuma linalosimama kwenye mpasuo ili mbao isiyabane meno na kurushwa tumboni mwa anayesukuma. Visu vya randa viko wazi upana wote, hata kama mbao unayoiranda ni nyembamba kama rula. Swichi iko upande wa pili wa mkanda, kwa hiyo ukitaka kuzima kwa haraka lazima unyooshe mkono juu ya kitu unachotaka kukizima. Hesabu ya vidole katika karakana za barabara ile sitaiandika. Nenda kasalimie mafundi kwa kupeana mikono, utaijua.

Lakini kuna kitu kimoja cha usalama ambacho hakikupotea, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Zamani vichwa vya visu vya randa vilikuwa vya pembe nne. Kati ya ukingo wa meza na uso bapa wa kichwa palibaki pengo kubwa, na mkono ukiteleza uliingia wote. Kichwa cha duara kinalijaza pengo hilo. Mkono ukiteleza, kisu kinachuna, hakimezi. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba kanuni za mashine za useremala za Uingereza za mwaka 1922 zilipiga marufuku kuranda kwa mkono kwenye mashine isiyo na kichwa cha duara. Vichwa vyote vya visu nilivyovipima, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, ni vya duara. Hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kusikia habari za kanuni hizo. Kwa nini basi walizitii?

Kwa sababu kichwa kinatengenezwa kwenye mashine ya kukereza vyuma, na mashine hiyo inatoa duara. Kutengeneza cha pembe nne ni kazi ya ziada. Kwenye kichwa cha visu, usalama ndiyo njia rahisi, kwa hiyo umedumu katika kila nakala ya nakala. Kifuniko cha msumeno ni bati la ziada, bawaba za ziada, saa mbili za ziada za kuchomelea, kwa hiyo kilidondoka katika kizazi cha kwanza au cha pili na hakikurudi.

Nilimuuliza mzee kama mashine yake iliwahi kuwa na kinga. "Ilikuja nayo," alisema. "Ilikuwa inazuia mbao pana, nikaitoa. Kijana aliyekuja kupima ili atengeneze kama hii, aliikuta haina." Hebu soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Ndani yake kuna historia nzima ya muundo: kinga iliyobuniwa vibaya, ikatolewa kwa sababu ya haki kabisa, na mashine isiyo na kinga ikawa kielelezo cha zilizofuata. Hakuna aliyekosa akili. Kilichokosekana ni mchoro, ambao ungemwambia yule kijana kwamba hapa palikuwa na kitu, na kwa nini.

Hapa ndipo ninapogombana na makundi mawili kwa pamoja.

La kwanza ni la wanaosema ni nakala tu. Ukishasema hivyo umejiondolea wajibu. Nakala haichambuliwi, haichorwi, haifundishwi. Tena unaishia kupendekeza dawa ambayo haijawahi kuponya: leteni mashine mpya ya kisasa kutoka nje. Zipo, nimeziona. Moja ilikuwa imefunikwa turubai kwenye kona ya karakana ya mafunzo, nzuri kama bibi harusi, mota yake inataka umeme wa fezi tatu na jengo lina fezi moja. Mashine ya mzee, iliyotengenezwa na mtu anayejua umeme wa mtaani ukoje na beringi zipi zinapatikana dukani, ilikuwa kazini siku hiyohiyo.

Kundi la pili linanikera zaidi, kwa sababu ni la watu wa rika langu. Ni wale wanaopita na simu, wanarekodi sekunde thelathini za mashine ikipasua mninga, wanaweka muziki, wanaandika "ubunifu wa mtaani" na alama ya moto. Sifa hiyo haina thamani kwa sababu haina swali. Anayesifu hivyo haoni kwamba mkono unaosukuma mbao kwenye video yake uko sentimita kumi kutoka kwenye msumeno usio na kifuniko. Angemwona mhandisi wa kampuni kubwa akiuza mashine ya namna hiyo angeita waandishi wa habari. Kwa fundi wa Mapinga anapiga makofi. Huko ni kumshusha mtu kwa kumsifu: tunamtarajia kidogo, halafu tunashangilia anapotimiza.

Kumwita mtu mbunifu ni kumdai. Ukikubali kwamba aliyetengeneza mashine ile alifanya uamuzi kuhusu puli, shafti na zege, basi una haki ya kumuuliza kuhusu uamuzi wa kifuniko. Na yeye ana haki ya kukuuliza wewe, uliyesoma kwa kodi zake, kwa nini hukumletea mchoro wa kifuniko kisichozuia mbao pana. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoifikisha Shopsmith kwenye kitufe chake na randa kwenye kichwa cha duara. Hayajaanza hapa kwa sababu upande mmoja unaamini upande wa pili hauna la kusema.

Na muda si mwingi. Mashine zinazokufa hazipelekwi makumbusho. Zinakatwa kwa moto na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Vizazi vya kwanza, vile vilivyokuwa kati ya chuma cha kusubu cha Ulaya na fremu ya kuchomelea ya Dar es Salaam, vinatoweka kwanza, na bila hivyo hatutaweza kujua kinga ilidondoka wapi na kwa nini. Kila lori la chuma chakavu linalopita Bunju kuelekea mjini linaweza kuwa limebeba ukurasa ambao hakuna aliyeunakili.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana.

Kwanza, michoro. Tuna vyuo vyenye wanafunzi wa uhandisi na wa urithi wanaotafuta mada kila mwaka. Mwanafunzi mmoja, mashine moja, wiki mbili: vipimo, puli, mwendo, beringi, kilichoongezwa, kilichotolewa, na maneno ya mwenye mashine kuhusu sababu. Baada ya miaka mitano tungekuwa na kitu ambacho nchi nyingi hazina.

Pili, kibao cha jina. Kila anayetengeneza mashine apige juu yake jina la karakana na mwaka. Kipande cha bati na nyundo vinatosha. Anayeweka jina lake kwenye kitu anajali kitakachompata anayekitumia, na anayetaka kulalamika au kusifu anajua pa kwenda.

Tatu, kinga iliyo rahisi kuwepo kuliko kutokuwepo. Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mashine za hatari ziwekewe kinga, na hakuna karakana ya barabarani iliyoongezewa kidole kwa sheria hiyo kuwepo kabatini. Somo la kichwa cha duara ni kwamba usalama unaodumu ni ule uliofungwa ndani ya namna kitu kinavyotengenezwa. Kwa nini lile bapa la nyuma ya msumeno lisiwe sehemu ya nguzo inayoshikilia meza, hivi kwamba ukiliacha meza haikai? Kwa nini swichi isiwekwe mbele, kwenye goti la fundi, mahali ambapo waya ni mfupi na kwa hiyo ni wa bei ndogo? Hayo ni maswali ya muundo, na tuna taasisi zilizoundwa kuyajibu. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, TEMDO iko Arusha kwa ajili ya kusanifu mitambo. Wapewe mashine ya Mapinga mezani, pamoja na aliyeitengeneza, kama mwenzao na si kama mfano wa umaskini.

Nne, makumbusho yapokee mashine moja. Moja tu, pamoja na zege lake. Iwekwe karibu na mlango wa kuchongwa, na maelezo yaseme mlango ulitengenezwaje tangu mbao ilipofika imepinda kutoka porini. Wageni wataelewa. Watoto wa Bagamoyo wataelewa zaidi, kwa sababu wengi wao wana baba au mjomba anayeijua sauti yake.

Milango itabaki mizuri hata tukiacha kuiandikia kwa mwaka mmoja. Yule kijana aliyepima mashine isiyo na kinga na kutengeneza nyingine kama hiyo bado yuko kazini, na wiki hii kuna mtu anampimia chuma kwa ajili ya nyingine. Kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, mtu ampelekee mchoro.